Kamba Niliowanunulia Wakwe

Etobicoke, Toronto
Alhamisi, baada ya kazi

Kaka Stefano,

Shikamoo. Imfikie na wifi Anjela, na presha yake ishuke hata kabla hajamaliza vidonge vya mwezi huu. Goti lako linasemaje? Uliniambia unalichua kwa mafuta ya mkaratusi. Endelea, lakini usipande tena juu ya paa kukagua bati, wapo vijana wa kazi hiyo. Na machungwa mwaka huu mmeyauza au mmewagawia tena madalali wa Muheza? Niambie ukweli, usinifiche kwa kuwa niko mbali. Sisi huku ni wazima. Mimi mwili haunidai kitu. Kinachonibana kifua si kikohozi.

Nimeamua kuandika kwa mkono, na barua hii anakuletea Mama Hilda wa kanisani kwetu anayekuja likizo, kwa sababu moja tu. Nikikutumia sauti kwenye simu, kabla hujafika katikati itakuwa imeshafika Dodoma kwa binamu zetu, na kesho yake nitarudishiwa mwenyewe ikiwa imebandikwa vicheko. Karatasi haisambai hivyo. Isome, mpe wifi aisome, halafu itie jikoni iwashie mkaa.

Nimesikia uliyoyasema kwenye kundi la ukoo. Umesema watu waliotoka nyumbani kwa dada yako na njaa hawawezi kumchukua mpwa wako. Umesema bibi yetu alifundisha kwamba mkwe akiondoka bila kula, posa imepoa, na kwamba barua yao ya posa utaijibu kwa neno hapana. Kaka, kwetu mjomba ndiye mwenye neno, wala sikunyang'anyi. Ila umekata shauri kwa picha aliyopiga Evarist na maelezo aliyoyaandika Evarist chini yake. Sasa nisikilize mimi niliyenunua, niliyepika na niliyekataliwa. Ukishamaliza, jibu.

Nikukumbushe kwanza Evarist ni nani, maana miaka imepita. Ni mdogo wake yule baba yake Tumaini, aliyekwenda Alberta kutafuta kazi akapotelea huko yeye na kazi yenyewe. Kaka mtu alituacha, mdogo mtu hataki kutuacha. Yumo hata kwenye kundi la ukoo wetu kwa sababu hakuna mwenye ujasiri wa kumtoa.

Ilianza hivi. Tumaini aliniambia wazazi wa Elie wanataka kuja kujitambulisha. Elie unamjua kwa picha, yule kijana mrefu anayepakia mizigo ya ndege kule Malton. Kwao ni Uvira, Kongo, na wazazi wake wanakaa Lawrence Heights. Nikamuuliza mpwa wako, "Wanakula nini hawa watu?" Alikuwa anachezea simu. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao waliokulia huku, kwamba hawali nguruwe na hawanywi pombe. Basi. Nikapendekeza waje Jumamosi, akasema Jumamosi hawawezi, watakuja Jumapili. Katika mji huu kila mtu ana zamu yake ya kazi, nikajua ni zamu.

Sasa kaka, wewe na mimi tumekulia Ngamiani. Ukituambia mtu hali nguruwe na hanywi pombe, sisi tunamwona nani? Tunamwona Bi Zuhura wa nyumba ya pili na wanawe saba. Na Bi Zuhura ukimwekea kamba wa nazi, utamwondoa kwenye mkeka kwa kumbeba. Nilijua Elie ni Mkristo, nikasema basi ni walokole, na walokole nimewalisha kamba kwenye kipaimara na kwenye ubatizo miaka yote na hakuna aliyewahi kurudisha sahani. Nikaamua: nitawapikia kamba. Nyama kila mtu anapika. Kuku ndiyo kabisa, huku kuku ni rahisi kuliko vitunguu vizuri. Nilitaka mama wa Elie akirudi kwake aseme, huyu binti ametoka kwenye nyumba ya watu.

Ndipo ikabidi nimwombe Evarist, kwa sababu Evarist ana kadi.

Kuna maduka huku ambayo ni maghala. Huingii bila kadi yenye picha yako, na kadi yenyewe unailipia kila mwaka. Yaani unalipa kwanza ili upewe ruhusa ya kwenda kulipa. Mimi nimekataa upuuzi huo. Nasafisha ofisi tatu, nina wanawake wanne wanaofanya kazi chini yangu, na sabuni zangu nanunua kwa msambazaji ambaye hanidai picha. Lakini kamba wazuri kwa wingi wako huko. Evarist kadi yake anaivaa shingoni kama mlinzi wa bandari. Mlangoni akaiinua juu akasema, "Huyu yuko na mimi." Miaka kumi na minane niko nchi hii, kaka, nimeingia kwa viza yangu, nikajilipia chuo, nikajinunulia nyumba ya ghorofani, halafu naingizwa dukani na Evarist.

Ndani utadhani wanatunza chakula cha jeshi. Mayonezi iko kwenye dumu. Karatasi za chooni watu wanabeba kama wanaosubiri kuzingirwa. Toroli lake ng'ombe anaenea, na watu wanalisukuma wakiwa na mke na mtoto mmoja. Unawaona wamesimama mbele ya ndoo ya haradali wanajadiliana kwa uso mzito kama wanaonunua shamba. Evarist alipotelea palipokuwa na mama mmoja anayegawa vipande vya soseji vya kuonja kwenye vijiti vya meno. Alikula, akazunguka rafu, akavua kofia akarudi kama mtu mwingine. Mara ya tatu akafunga na koti. Yule mama alimpa kipande kidogo zaidi.

Nikaenda mwenyewe kwenye kaunta ya samaki. Kamba wamelazwa juu ya barafu, wamepangwa kama maiti ya tajiri. Nikamuuliza mhudumu, mtu mzima mwenye kofia ya wavu, "Hawa wamefika lini?"

"Leo asubuhi, mama."

"Kutoka wapi?"

"Nyuma." Akanionyesha kwa kidole gumba mlango wa friza.

Angalau hakusema uongo. Hao wa kwenye kaunta ni walewale waliogandishwa, wameyeyushwa jana ili wapendeze machoni, na lebo inalisema hilo kwa herufi za ukubwa wa chawa. Watu wanapanga mstari wanawanunua wakidhani wametoka baharini. Bahari gani, Toronto? Unamlipa mtu akuyeyushie barafu, kisha unawapeleka nyumbani ukawagandishe tena.

Nikaenda kwenye mafriza. Evarist akanikuta huko anafuta midomo. Ameshika sinia la plastiki, kamba wa rangi ya waridi wamepangwa duara, katikati kuna kikombe cha mchuzi mwekundu.

"Shemeji, chukua hawa. Wameshaiva. Unafungua, unaweka mezani. Wazungu ndivyo wanavyokaribisha wageni."

"Nina wageni wa posa, Evarist. Sina Wazungu."

"Kamba si kamba tu?"

"Huyu ameshapikwa kiwandani. Nikimtia tena kwenye nazi atakuwa kandambili."

"Unajisumbua," akasema. "Hao watu wa bara watajua wapi."

Nikalirudisha sinia lake kwenye friza. Mtu anayesema mgeni hatajua ndiye anayewalisha wageni makombo.

Mfuko wa kamba una namba mbili zenye mstari katikati. Ukiona 16/20, maana yake kwenye pauni moja, karibu nusu kilo, wamo kuanzia kumi na sita hadi ishirini. Ukiona 51/60 hao ni karibu na uduvi. Namba ikipanda, kamba anashuka. Evarist alikuwa amebeba wa sitini akifurahi kwamba "wamo wengi." Watu wengi wananunua hivyo. Nikaangalia na maandishi ya nyuma. Mifuko mingine imeandikwa majina marefu ya chumvi za kiwandani, hizo ni za kumfanya kamba anywe maji avimbe, na wewe unapima maji kwa bei ya kamba. Nilitafuta ulioandikwa vitu viwili tu, kamba na chumvi. Wote wametoka kwenye mabwawa ya Asia, hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona bahari, lakini angalau hawa hawajanyweshwa.

Kisha nikaanza kuitikisa mifuko mmoja mmoja sikioni. Kamba aliyegandishwa mara moja analia kokoto kwa kokoto. Aliyeyeyuka njiani akagandishwa tena ameshikana na wenzake kama tofali, na ndani ya mfuko utaona unga wa barafu. Nilitikisa kama kumi na minne.

"Shemeji, watu wanaangalia," Evarist akanong'ona.

"Waangalie. Elimu hii wengine wanatoza ada."

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Wageni sita, na mimi na Tumaini na huyo Evarist, tisa. Wakubwa wenye maganda wanane kwa kila mtu, sabini na wawili. Mfuko ni pauni mbili, una kama thelathini na sita, kwa hiyo mifuko miwili imetosha bila kubaki hata mmoja. Kwa sambusa na pilau nilihitaji wa kati, mfuko mmoja ungetosha kabisa. Lakini ghala hilo halijui neno robo. Ukichukua mmoja bei ni hii, ukichukua mitatu inashuka mpaka unaona aibu kuchukua mmoja. Nikachukua mitatu. Jumla pauni kumi. Wenye maganda wanaonekana rahisi, watu husema maganda unayatupa. Mimi situpi ganda. Ganda ukilikaanga kidogo ukalichemsha, supu yake ukipikia wali, unakula ganda na ndani yake.

Tulipotoka, mlangoni amesimama mzee na kalamu ya wino mzito, anasoma risiti yako na kuhesabu vitu kwenye toroli. Nimeshalipa, kadi wameiona, kamera ziko kila nguzo, na bado mtu ananihesabia mifuko mitano. Evarist alimsalimia kama askofu. Mimi nilimwambia, "Ni mitano. Nimehesabu kabla yako."

Sasa kaka, nielewe vizuri hapa, kwa maana ndipo nilipojifunga mwenyewe kwa akili zangu. Pauni kumi kwa watu tisa ni nyingi, na mimi si mtu wa kurudisha chakula kwenye friza wakati kuna wageni. Nikawagawa. Wakubwa nikawapika kwa nazi. Wa kati nikawatia kwenye sambusa. Wengine kwenye mchicha wa nazi. Wengine juu ya pilau, na pilau lenyewe nimelipikia supu ya maganda. Nilipika tangu asubuhi, jengo zima lilinuka Tanga, jirani wa Kihindi wa ghorofa yetu alibisha hodi kuuliza ni sikukuu gani. Mezani hapakuwa na chombo ambacho kamba hajaingia, isipokuwa kachumbari, ndizi mbivu na jagi la maji.

Wakaja. Watu wa heshima, nitasema kweli. Baba yake Elie ni mzee mwembamba, kavaa suti ya rangi ya kahawa na tai. Mama yake ni mwanamke mnene, mpole wa sauti, kavaa kitenge kipya. Na shangazi zake watatu na mjomba mmoja. Elie mwenyewe alikuwa zamu. Tukasalimiana, tukakaa, baba akaomba sala ndefu ya kutosha kupikia ndizi. Ndipo nikafunua vyombo.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Nilidhani wameshangazwa na ukarimu.

Mama Elie akamtazama mumewe. Mumewe akaitazama tai yake. Kisha yule mama akanigeukia akasema polepole, "Mama Tumaini, aksanti sana, umetaabika. Lakini sisi hii hatukulake."

"Hamkuli nini, mama?"

"Hii ya maji." Akaonyesha kwa mdomo, hakunyoosha hata kidole.

Baba akakohoa akasema, "Kitu ya maji yenye haina mapezi na magamba, sisi hatukulake. Imeandikwa. Sisi ni Wasabato, mama."

Hapo ndipo nikaielewa Jumamosi.

Evarist, badala ya kunyamaza kama mtu mwenye wazazi, akachukua kamba mmoja mkubwa kwa mkia akamwinua. "Mzee, tazama vizuri. Hili si gamba?"

"Ile ni ganda, muzee."

"Ganda, gamba, mbona ni ndugu." Akacheka peke yake, akamtia mdomoni.

Nikasema hakuna neno, kuna wali. Halafu nikakumbuka wali umepikwa na nini, na mimi siwezi kumlisha mtu kwa hila. Nikawaambia. Shangazi mmoja aliyekuwa ameshajipakulia akakirudisha kijiko taratibu kama mtu aliyeshika yai bovu. Nikasema basi nitakaanga mayai, dakika chache tu. Mama Elie akashukuru, akasita, kisha akauliza, "Ile kikaango ilipikaka hii kitu?"

Kaka, mimi nimeosha vyoo vya watu nchi hii. Nimewaogesha wazee wa kizungu waliokuwa wakinitukana rangi yangu huku nikiwasugua mgongo. Usafi ndio ulioninunulia nyumba ninayokaa. Na ndani ya nyumba hiyo mwanamke ananiuliza kama kikaango changu ni najisi. Nikamjibu, "Mama, vyombo vyangu vinaoshwa kuliko vya hospitali. Lakini kama huuamini mkono wangu, maji ya bomba yako pale, nayo sikuyapika mimi." Sikupaza sauti. Unajua nikiwa na hasira sauti yangu hushuka.

Walikula kachumbari na ndizi. Watu wazima sita, suti na vitenge vipya, wanakula ndizi mbivu kimya kimya kama wagonjwa. Wakaondoka kabla ya jua kuzama wakisema njia ina theluji. Evarist akapiga ile picha mliyoiona, masufuria yamejaa mpaka juu, akaandika, "Wakwe wamesusa, karibuni tule." Kisha akajaza vibakuli sita vya foili, akauliza kama kuna mfuko. Nilimpa mfuko. Bora akabebe mfuko kuliko kuniharibia siku kwa maneno.

Tumaini alisubiri mlango ufungwe. "Kwa nini hukuniuliza, mama?"

"Nilikuuliza wanakula nini."

"Nikakwambia wasichokula."

"Ulinitajia viwili. Ungenitajia vyote."

"Mimi sijui vyote. Mimi na Elie tunakula kuku na viazi." Halafu akasema kwa Kiswahili, jambo analolifanya akitaka liniume, "Umemwaibisha mama yake kwenye nyumba yako." Kaka, mimi niliyekataliwa pauni kumi ndiye niliyeaibisha. Akachukua koti akaenda kulala kwa rafiki yake. Uliposema maneno yako kwenye kundi, alinitumia ujumbe mmoja: mjomba akikataa, yeye na Elie watakwenda kuandikishwa ofisi ya manispaa, na hatamwalika mtu wa ukoo wowote. Namjua. Amenirithi mimi. Atafanya, na hatarudi nyuma kwa miaka kumi.

Kwa hiyo ujue unaposema hapana, humwambii mama Elie. Unamwambia Tumaini.

Hata hivyo, kwa hasira niliyokuwa nayo, nilikuwa tayari nikuache useme. Nilijiambia, bora mtoto anune kuliko aolewe na watu wanaonusa kikaango. Kilichonigeuza kimetokea jana.

Nilikuwa nimerudi kutoka kazini, kuna mlio mlangoni, nafungua, ni Elie peke yake. Ametoka zamu moja kwa moja, fulana ya njano ya mizigo bado mwilini, viatu vinachuruzika theluji kwenye zulia langu. Hakubeba zawadi. Hilo nalo nililiona.

"Mama, shikamoo. Nimekuya kuomba musamaha."

"Umetumwa?"

"Hapana. Baba na mama hawajue niko hapa."

"Na Tumaini?"

"Naye hajue."

Nikamkalisha jikoni, si sebuleni. Tumbo lake likanguruma mpaka akajishika. Akasema hajala tangu alfajiri, ndege mbili zilichelewa. Nikanyanyuka, nikatoa kwenye friji kamba wa nazi waliobaki, nikawapasha moto, nikampakulia sahani iliyojaa na wali wake. Nikaiweka mbele yake na kijiko.

"Mama yako hayupo," nikamwambia. "Baba yako hayupo. Tumaini hayupo. Mimi simwambii mtu. Kula."

Nilitaka nimwone, kaka. Sikukusudia wema. Nilitaka ale nipate kumdharau vizuri, niweze kusema hata wenyewe wakijificha wanakula.

Akaitazama ile sahani. Mvuke unampanda usoni, na nakuambia kamba wale walikuwa wamekolea nazi siku tatu. Akaisukuma kidogo kwa vidole viwili, kwa adabu, kama mtu anayemsogeza mtoto wa mwenzake.

"Hapana, mama. Naomba usikasirike. Kama nakula hapa kwa siri, kesho nitafanya nini ingine kwa siri? Tumaini ataniaminije?"

Nikakaa. Nikaivuta ile sahani upande wangu nikaifunika.

Kwa sababu yule baba yake Tumaini, kaka, hakuwahi kukataa sahani hata moja. Alipokuja Tanga kuniposa alikula kwa mama, akala kwako, akala kwa Bi Zuhura, mkasema wote mwanamume mwenye tumbo jepesi hivi hana makuu. Alikula kila alichowekewa na kukubali kila alichoambiwa. Mbele yangu ndiyo, mbele ya mwingine ndiyo, mpaka ndiyo zake zikampeleka Alberta. Mimi nimelea mtoto peke yangu kwa sababu ya mtu asiyejua kusema hapana. Na sasa amekaa jikoni kwangu kijana mwenye njaa ya kweli, hakuna anayemwona, anasema hapana kwa mama mkwe wake.

"Mayai unakula?" nikamuuliza.

"Mayai nakulaka."

"Na kikaango je? Au nikanunue kipya?"

Akacheka kidogo, kwa woga. "Kikaango kwangu haina shida, mama. Mama yangu ni mutu wa zamani."

Nikamkaangia mawili. Akala. Nikamwongezea mawili. Akala. Nikamwongezea moja, na mkate nusu, akala akafuta sahani kwa kipande cha mwisho. Kisha akasimama, akaosha sahani na kikaango bila kuambiwa. Kikaango alikiosha vibaya, nimekirudia baadaye, lakini aliosha.

Basi kaka, bibi alisema mkwe akiondoka bila kula posa imepoa. Hakusema lazima ale siku ileile, wala hakusema lazima ale kamba. Anayeoa ni Elie, na Elie amekula kwangu mayai matano, nimempikia kwa mkono huu. Huwezi kuniambia hicho si chakula. Wajibu kwa neno ndiyo. Andika wewe mwenyewe, kwa mwandiko wako, usimwachie Evarist akufikishie kwa simu.

Usidhani nimewapenda. Yule mama bado amenikaa hapa. Akija mara ya pili nitampikia kuku, na akiniuliza tena habari ya vyombo nitamwonyesha sinki na steliwaya asugue mpaka roho yake itulie. Na mahari usiwapunguzie hata kidogo kwa kisingizio kwamba ni wakimbizi. Wana suti. Tena waandikie mapema kila wasichokula, kila wasichokunywa, kila siku wasiyofanya kazi, ili siku ya harusi nisije nikawa na pauni nyingine kumi mikononi.

Tumaini bado yuko kwa rafiki yake. Sijampigia. Jibu lako likifika, ndilo nitakalompigia nalo, kwa hiyo usilikalie.

Nisalimie wifi Anjela sana, na mama mdogo Agata anayetengeneza ile mishumaa ya kanisa, na mwanao Kristofa fundi baiskeli, mwambie vipuri alivyoomba vinakuja na Mama Hilda kwenye mfuko wa bluu. Mpe pole shemeji Damiani kwa kufiwa na ng'ombe. Na ukipita Ngamiani, ukawakuta wajukuu wa Bi Zuhura, wasalimie wote bila kumruka mtu.

Funga goti lako usiku, kuna baridi ya asubuhi huko.

Ndimi mdogo wako asiyechoka kukusumbua,

Monika